Judo, mieleka au ngumi: mabingwa wa mapigano mseto wanatoka wapi?

Mdogo wangu ana miaka kumi na saba na mkanda wa bluu wa judo. Miezi michache iliyopita alikunja kimono yake, akaisukuma chini ya kitanda, akaniambia: «Yaya, naacha. Judo haimfikishi mtu popote. Nataka ngumi.» Alikuwa ametazama katika simu mapigano ya Francis Ngannou, yule Mkameruni aliyetoka kuchimba mchanga akawa bingwa wa uzito wa juu, na akili yake ilikuwa imeshahamia huko. Mama akaniagiza niongee naye. Nikamwambia, kama wakubwa wengi wanavyosema, avumilie tu, judo ni nzuri. Akanijibu kwa swali moja: «Nitajie bingwa mmoja wa MMA aliyetoka kwenye judo.» Nikamtaja Ronda Rousey. Akacheka, akanionyesha pambano la Novemba 2015 kule Melbourne, ambapo Holly Holm, aliyetoka kwenye ngumi, alimlaza Rousey kwa teke la kichwani. Sikuwa na jibu.

Makala haya ni jibu nililolitafuta baadaye. Najua ninaandika katika jarida la kitivo cha lugha, na huenda msomaji akauliza mateke yanatafuta nini humu. Lakini swali la mdogo wangu, yaani mchezo upi wa kupigana unatoa mabingwa wengi katika mapigano mseto, linafanana na swali tunaloulizwa kila mwaka darasani: kwa nini lugha fulani inaenea na nyingine inafifia? Wengi hulijibu kwa kusifu lugha yenyewe, sarufi yake na utamu wake, wakasahau shule, soko na jeshi vilivyo nyuma yake. Katika mapigano pia watu husifu mbinu na kusahau kilicho nyuma ya mbinu.

Siku ile ya Denver

Mapigano mseto, yanayojulikana zaidi kwa herufi MMA, ni mchezo unaoruhusu kupiga kwa ngumi, mateke, magoti na viwiko, kumwangusha mpinzani, na kuendelea naye chini hadi azimie, asalimu amri au muda uishe. Tusiuchanganye na kechi ya Kinshasa, ambayo ina utamu wake lakini ni tamthilia.

Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, wanaume wanane waliingizwa katika kizimba chenye pembe nane. Ndiyo UFC ya kwanza. Wazo lilikuwa kukata ubishi wa miaka mingi: bondia akikutana na mtu wa karate, au mcheza sumo akikutana na mpiga mateke, nani atabaki amesimama? Pambano la kwanza lilichukua sekunde 26 tu. Gerard Gordeau, Mholanzi wa savate, alimpiga teke la uso mcheza sumo Teila Tuli aliyekuwa ameanguka, na jino likaruka. Bondia Art Jimmerson aliingia akiwa na glavu mkono mmoja, mwingine mtupu. Akaangushwa, akalaliwa juu, akasalimu amri bila kupigwa sana. Hakujua tu afanye nini akiwa chini.

Aliyeshinda wote ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa kilo 80 hivi, aliyevaa kimono kama mtu anayekwenda mazoezini. Alikuwa anamkumbatia mpinzani, anamwangusha, anapanda mgongoni na kumkaba shingo. Alishinda tena mashindano ya pili na ya nne, mwaka 1994. Dunia ikasema: basi, jujitsu ya Brazil ndiyo mfalme.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika. Gracie hakuwa na mbinu bora kuliko wote kwa kila kitu. Alikuwa mmoja wa wachache katika kizimba kile waliojua mambo ya chini, mbele ya wengi wasioyajua kabisa. Ukiwa mmoja wa wachache wanaosoma na kuandika kijijini, mikataba mingi utaiandika wewe. Hilo halithibitishi kwamba mwandiko wako ni mzuri.

Tena ukiangalia vizuri fainali ya Desemba 1994, unaona dalili ya yaliyokuwa yanakuja. Mpinzani wa Gracie alikuwa Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi zaidi ya kilo 30. Kwa takriban dakika kumi na tano Severn alimbana Gracie chini, naye Gracie akasubiri, akasubiri, mwishowe akaifunga shingo yake kwa miguu. Watu walikumbuka kabari ile. Mimi nakumbuka zile dakika kumi na tano. Mwanamieleka aliamua pambano lifanyike wapi tangu mwanzo. Alichokosa ni kujua namna ya kulimaliza, na hicho kinafundishika.

Kwa nini mieleka

Wanamieleka walijifunza haraka. Mark Coleman, aliyepigania mieleka katika Olimpiki ya Barcelona 1992, alishinda mashindano mawili ya UFC mwaka 1996, na Februari 1997 akamshinda Severn na kuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu. Mbinu yake ilikuwa nyepesi kuieleza: angusha, lala juu, piga. Tangu wakati huo orodha ya mabingwa waliotoka kwenye mieleka haijakatika: Randy Couture, Matt Hughes, Daniel Cormier, Henry Cejudo aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 2008, Kamaru Usman. Ukiniuliza kwa neno moja asili ipi imetoa mabingwa wengi zaidi wa UFC, nitasema mieleka, na sidhani kuna anayefuatilia mchezo huu atakayebisha kwa dhati.

Sababu ya kwanza imo ndani ya mchezo wenyewe. Mapigano mseto yana sehemu mbili, juu na chini, na kati yake kuna mlango. Mwanamieleka ndiye mwenye ufunguo. Akiona unampiga vizuri, anakuangusha. Akiona wewe ni hatari chini, anakataa kuanguka na mnabaki mmesimama. Bondia hana uchaguzi huo, wala mtu wa jujitsu asiyejua kuangusha. Chuck Liddell, bingwa aliyependwa kwa ngumi zake, alikuwa amecheza mieleka chuoni, na aliitumia karibu yote kwa kazi ya kutoanguka.

Sababu ya pili ni mazoea ya mwili. Mwanamieleka tangu utoto anashindana mara nyingi kwa msimu mmoja, na mtu halisi anayekataa kwa nguvu zake zote. Judo ina hilo pia, ngumi pia. Shule nyingi za karate za zamani hazikuwa nalo, kwa sababu pigo lilisimamishwa kabla ya kufika. Ndiyo maana karate ilionekana dhaifu kwa muda mrefu, hadi Lyoto Machida alipochukua ubingwa mwaka 2009 kwa karate ya baba yake, na Georges St-Pierre, aliyeanza na kyokushin, akatawala uzito wake kwa miaka.

Lakini sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, na ndiyo inayosahauliwa. Marekani ina mieleka katika shule za sekondari na vyuo vikuu. Kijana anapata mwalimu, mkeka, daktari, basi la kumpeleka mashindanoni, na akiwa hodari anasomeshwa kwa ajili hiyo. Akimaliza chuo, mchezaji wa mpira wa kikapu anakwenda kwenye ligi ya kulipwa. Mwanamieleka hana ligi. Ana miaka 23, mwili wa chuma, na hakuna anayemlipa. Mapigano mseto yakaja kuwa soko lake. Kila mwaka vyuo vinamwaga vijana waliokwisha pikwa, na makocha wa MMA wanawaongezea ngumi na kabari.

Tazama Kamaru Usman. Alizaliwa Nigeria, akahamia Marekani akiwa mtoto, akakuta mieleka shuleni, akawa bingwa wa vyuo vya daraja la pili mwaka 2010, na Machi 2019 akawa bingwa wa UFC. Damu ni ile ile ya Nigeria, lakini mkeka ulikuwa Marekani. Hapo nyumbani Afrika tuna mieleka tele, ila haina basi la kwenda mashindanoni. Isipokuwa Senegal. Kule mieleka ya kienyeji, laamb, inajaza viwanja na ina pesa, na aina moja yake inaruhusu ngumi. Matokeo yake yameonekana: Oumar Kane, anayeitwa Reug Reug, alitoka kwenye laamb na Novemba 2024 akawa bingwa wa uzito wa juu wa ONE Championship, shirikisho kubwa la Asia.

Dagestan ni Senegal nyingine. Ni jamhuri ndogo ya milima kusini mwa Urusi ambako mieleka ni kama mpira wa miguu kwetu. Khabib Nurmagomedov alitoka huko na kustaafu mwaka 2020 akiwa ameshinda mapambano 29 bila kushindwa hata moja. Mchezo wake rasmi ulikuwa sambo ya mapigano, ambayo tutairudia, kwa kuwa ndani yake kuna siri ya judo.

Wapigaji wanashinda lini?

Mdogo wangu hakuniuliza kuhusu mieleka. Alitaka ngumi. Kwetu Kongo ngumi zina heshima ya pekee tangu usiku wa 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomlaza George Foreman mjini Kinshasa. Wachache wanakumbuka kwamba miaka miwili baadaye, tarehe 26 Juni 1976, Ali yule yule alisimama Tokyo mbele ya Antonio Inoki, mwanamieleka wa Kijapani. Inoki alijilaza chini na kumpiga mateke ya miguu raundi kumi na tano. Ali alirusha ngumi chache mno. Mpinzani aliyelala hana kidevu cha kupiga. Matokeo yakawa sare, watazamaji wakakasirika, na miguu ya Ali ikavimba. Lilikuwa pambano baya, lakini lilionyesha tatizo la bondia wazi kabisa.

Mwaka 2010 tatizo hilo lilirudi. James Toney, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito zaidi ya mmoja, aliingia UFC kupigana na Randy Couture. Couture aliinama, akamshika mguu, akamwangusha, na kabla raundi ya kwanza haijaisha Toney alikuwa amekabwa na kusalimu. Ngumi za Toney zilikuwa bora kuliko za Couture kwa kila kipimo, ila hakupata nafasi ya kuzitumia. Kuna mambo madogo pia: bondia husimama na mguu wa mbele mzito, kitu ambacho ni zawadi kwa mpiga teke. Glavu za MMA ni ndogo, za gramu mia na kitu, kwa hiyo kujificha nyuma yake kama afanyavyo bondia hakuwezekani.

Hata hivyo wapigaji wapo kileleni. Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria, na Alex Pereira wa Brazil wote walitoka kwenye kikiboksingi na wote wakawa mabingwa. Kikiboksingi na muay thai zinafaulu kuliko ngumi tupu kwa kuwa zinazoea mateke, magoti na kushikana. Muay thai hasa inafundisha kupigana mkiwa mmekumbatiana, mahali ambapo mwamuzi wa ngumi huwatenganisha. Lakini hakuna mpigaji anayedumu kabla ya kujifunza kutoanguka, au kuinuka upesi akianguka. Hili lilianza kuonekana Julai 1997, Maurice Smith, mtu wa kikiboksingi, alipovumilia chini ya Coleman hadi Coleman akachoka, kisha akamshinda kwa pointi.

Na Ngannou, shujaa wa mdogo wangu? Alianza ngumi akiwa na miaka zaidi ya ishirini, akafika Paris mwaka 2013 bila mahali pa kulala, na hapo akaelekezwa kwenye MMA. Januari 2018 alipigania ubingwa dhidi ya Stipe Miocic. Miocic alikuwa na mieleka. Akamwangusha Ngannou mara kwa mara, akamchosha, akashinda. Machi 2021 walirudiana. Ngannou alikuwa ameshajifunza kuzuia, na katika raundi ya pili akamlaza. Kisha Januari 2022 akakutana na Ciryl Gane, Mfaransa wa muay thai ambaye hakuwa ameshindwa bado. Ngannou alikuwa na goti bovu na raundi za mwanzo zilimwendea vibaya. Alilookoa pambano nalo ni kuangusha. Mtu mwenye ngumi nzito kuliko wote alitetea mkanda wake kwa mieleka. Nilimwonyesha mdogo wangu raundi hizo tatu za mwisho. Alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Kanuni nazo zinachagua mshindi

Hapa nitapita haraka. Mashindano ya kwanza hayakuwa na majaji wa pointi, na Gracie aliweza kukaa chini mgongoni akisubiri kosa. Mwaka 1995 muda ulipoanza kuwekwa, na baada ya mwaka 2000 kanuni za New Jersey zilipoenea, zenye raundi za dakika tano na majaji, kulala chini ukisubiri kukawa ni kupoteza raundi. Jujitsu ya Brazil haikufa. Ikawa somo la lazima kwa wote, na kitu cha lazima hakimpi mtu faida ya pekee. Ukuta wa kizimba nao unamsaidia mwanamieleka, maana mpinzani hawezi kuteleza nje kama katika kamba za ulingo. Badilisha kanuni, na orodha ya mabingwa itabadilika.

Bibi wa ukoo

Sasa judo. Nilipoanza kusoma nilitarajia kuikuta mkiani. Nikakuta ni bibi mwenye wajukuu matajiri.

Jigoro Kano alianzisha Kodokan, shule yake ya judo, Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914 na baadaye, mjini Belém, akamfundisha kijana aliyeitwa Carlos Gracie. Kutoka hapo ikazaliwa jujitsu ya Brazil. Mwaka 1951 mcheza judo Masahiko Kimura alikwenda Rio de Janeiro, akamkunja mkono Hélio Gracie, baba yake Royce, hadi pambano likasimamishwa. Wabrazili waliupa mkunjo ule jina la kimura, na mpaka leo unaitwa hivyo katika kila kizimba duniani. Upande mwingine, Mrusi Vasili Oshchepkov alisomea Kodokan, akarudi Urusi na kuichanganya judo na mieleka ya watu wa huko. Yeye alifia gerezani mwaka 1937 wakati wa Stalin. Mwaka uliofuata mchezo aliosaidia kuuunda ukatambuliwa rasmi, ndio sambo. Kwa hiyo Royce Gracie wa Denver na Khabib wa Dagestan ni binamu, na judo ndiyo lugha mame yao.

Mbona basi bibi mwenyewe haonekani sana? Naona sababu mbili. Kwanza kimono: mchezaji wa judo huangusha kwa kushika ukosi na mkono wa nguo, na katika kizimba watu wako vifua wazi. Anayefaulu ni yule anayejifunza upya kushika shingo, kwapa na kiuno. Pili ni kanuni. Mwaka 2010 shirikisho la judo la dunia lilianza kukataza kushika miguu, na mwaka 2013 likafunga mlango kabisa. Tena muda wa kufanya kazi chini ni mfupi, mwamuzi huwainua upesi. Ukitazama, vitu hivyo viwili vilivyopunguzwa, miguu na chini, ndivyo hasa wajukuu wanavyotajirikia.

Na bado judo inatoa watu. Fedor Emelianenko, aliyetawala uzito wa juu Japani, alikuwa mtu wa judo na sambo. Dalcha Lungiambula, mzaliwa wa Kongo hii yetu, alitoka kwenye judo, akachukua mikanda Afrika Kusini na kuingia UFC mwaka 2019. Na jibu nililolikosa siku ile ya kimono ni Kayla Harrison, mwenye dhahabu mbili za judo za Olimpiki, 2012 na 2016. Juni 2025 alichukua ubingwa wa UFC kwa kumwangusha Julianna Peña na kumkunja mkono. Mkunjo aliotumia ni kimura.

Niliporudi nyumbani na majina haya sikumwambia mdogo wangu kwamba judo ni bora. Si kweli, na angeniona mwongo. Nilimwambia kwamba hapa mjini hakuna mkeka wa mieleka ya Olimpiki, hakuna shule ya sambo, na kwamba mkeka wa judo upo, una mwalimu, na uko dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani. Popole Misenga na Yolande Mabika walitoka Bukavu na judo hiyo hiyo, na mwaka 2016 wakashindana Rio katika timu ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Miaka minne ya kuangusha na kuangushwa aliyokwisha kuilipia kwa mbavu zake ndiyo lugha yake ya kwanza. Ngumi ataziongeza, kama tulivyoongeza Kifaransa, na lafudhi itabaki.

Aliuliza swali moja tu: nani atamfundisha kushika miguu, kama judo imekataza? Nilikwenda naye kwa mwalimu wake. Mwalimu alikataa. Alisema kijana akizoea hilo ataondolewa katika mashindano ya mkoa, naye ndiye atakayelaumiwa. Tulipokuwa tunafunga mlango wa ukumbi akatuita, akasema baada ya mazoezi ya Alhamisi, nje kwenye nyasi, yeye si mwalimu wa judo tena, ni mzee tu anayepunga upepo, na aliyajua hayo ya miguu kabla hayajakatazwa.

Siku za Jumamosi anakwenda ngumi. Ana glavu za kuazima, kubwa kuliko mikono yake.